Maswali ya Wasomaji: Mwanzi Shambani, Mtoni na Nyumbani

Katika toleo lililopita tulichapa picha ya kichaka cha mianzi kando ya mto, na chini yake maneno machache yaliyosema kwamba mmea huo hushika udongo, hutunza maji na hufaa kwa ujenzi. Maneno hayo yalituletea barua nyingi, baadhi za kuuliza na baadhi za kutubishia. Nimechagua nane, nikazifupisha, na nimezipanga ili jibu moja lisaidie linalofuata. Kabla ya kuanza, niseme jambo moja ambalo wengi wamelichanganya: mwanzi si mti. Ni nyasi, wa ukoo mmoja na mahindi, mpunga, muwa na matete, ingawa baadhi ya aina zake hupita urefu wa mita 20. Atakayelikumbuka hilo hatashangazwa na sehemu kubwa ya majibu yangu, kwa maana nyasi haikatwi kama mti wala haitunzwi kama mti.

Shikamoo mzee. Shamba la baba limepakana na mto mdogo, na kila masika ukingo unamegeka tunapoteza ardhi. Nimeshauriwa nipande mianzi, lakini jirani anakataa. Anasema itakunywa maji mpaka mto ukauke, kama mikaratusi ilivyokausha chemchemi ya juu. Nani mkweli? — M.K., Makambako

Marahaba, mwanangu. Jirani yako ana sababu ya kuogopa, ila ameuhukumu mwanzi kwa kosa la mkaratusi. Mkaratusi unaweza kupeleka mizizi chini sana na kuyafuata maji hata wakati wa kiangazi. Mwanzi hauna mzizi mkuu. Una mashina mafupi, mazito, yanayotambaa chini ya ardhi, na kwenye mashina hayo huota mizizi mingi myembamba ambayo sehemu yake kubwa hukaa ndani ya sentimita 30 za juu. Siku moja chukua jembe uchimbe pembeni mwa kichaka cha miaka 6 au 7. Jembe litadunda kama umepiga mkeka uliokunjwa mara nyingi, na ukifaulu kuinua bonge moja utaona udongo umefungwa na nyuzi za mizizi kiasi kwamba hata ukilitikisa haumwagiki. Mkeka huo ndio utakaozuia ukingo wenu usimegwe.

Kazi nyingine hufanyika juu ya ardhi. Mwanzi hupukutisha majani kwa wingi, na majani hayo hufanya tandiko zito chini ya kichaka, hivyo tone la mvua hupokelewa kwanza na majani mabichi, kisha na majani makavu, na linapofika kwenye udongo halina tena nguvu ya kuuchimba. Maji huingia ardhini polepole badala ya kukimbia na kuchora makorongo, na maji yaliyoingia ardhini ndiyo yanayolisha chemchemi na mito wakati mvua zimekwisha. Mwanzi wa milimani, ambao wanasayansi huuita Oldeania alpina, hufanya kazi hiyo bila kupandwa na mtu: umejipanga kwenye miinuko ya takriban mita 2,400 hadi 3,000 katika Aberdare, Mau, Mlima Kenya na Elgon, na huku kwetu Tanzania katika milima ya Meru na Rungwe, kwenye maeneo hasa ambako mito mingi huanzia.

Hata hivyo, usimwambie jirani yako kwamba mwanzi haunywi maji, maana hapo utakuwa unamdanganya. Mmea wenye majani mengi namna ile hunywa, na kichaka kikubwa hunywa zaidi. Kwa hiyo usipande kwenye jicho la chemchemi, wala usijaze bonde zima. Mstari mmoja au miwili juu ya ukingo unatosha. Nasema juu ya ukingo kwa makusudi. Kwa kuwa mizizi yake haiendi chini sana, mwanzi uliopandwa mahali ambapo maji tayari yamechimba kwa chini hauna cha kushikilia, na nimewahi kuona kichaka kizima kikiporomoka mtoni na bonge lake la udongo, kikaacha shimo kubwa kuliko lililokuwapo. Chini kabisa, panapolowa, acha matete yaote. Mianzi ikae hatua chache nyuma yake.

Na kabla ya kupanda chochote, pita ofisi ya kijiji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza kufanya shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, kwa hiyo ukanda huo si wa kulima wala wa kujenga, na upandaji wa kuhifadhi ukingo ni vizuri ukafanyika kwa kujulikana na serikali ya kijiji na bodi ya maji ya bonde lenu. Kwa aina, chagua mwanzi unaoota kwa mafungu, kama mlanzi unaoujua tangu utoto wako. Ziko aina za kigeni ambazo mashina yake ya chini hukimbia mita nyingi na kuchomoza kwenye shamba la mtu mwingine; ukizipanda hizo, jirani yako atakuwa na kesi ya kweli.

Nyumbani kwetu tuna vichaka vya milanzi vilivyoachwa na babu. Vijana wanavigema kila mwaka, na mimi naona vinazidi kukonda. Je, kugema ulanzi kunaua mlanzi? — Mama T., Njombe

Kunategemea mkono wa mgema, mama. Kwa wasomaji wa mbali nieleze kwamba ulanzi ni kinywaji cha Iringa na Njombe kinachotokana na utomvu wa chipukizi la mlanzi. Wakati wa masika, chipukizi likiwa bado changa, hukatwa ncha, hutegewa mbeta, ambacho nacho ni chombo cha mwanzi, na jeraha hupunguzwa upya asubuhi na jioni ili utomvu usikauke. Ukinywewa siku hiyo hiyo ni mtamu. Ukilala unachachuka na kuwa pombe.

Sasa tazama hesabu yake. Kichaka hutoa machipukizi wakati wa mvua, na kila chipukizi hukua kwa chakula ambacho mashina makubwa yamekiweka akiba chini ya ardhi. Chipukizi lililogemwa haliwi shina tena. Hukauka na kuoza. Kama vijana wanagema kila chipukizi linalotoka, basi kwa miaka minne au mitano mfululizo kichaka hakijapata shina jipya hata moja, huku yale ya zamani yakizeeka na kufa. Ndiyo maana unaona kinakonda. Mimi hushauri nusu ya machipukizi yaachwe kila msimu, na yaachwe yale manene yaliyo pembezoni, kwa sababu kichaka hupanuka kwa nje. Mwambie anayegema afunge kamba au kitambaa kwenye yale ya kuachwa kabla hajaanza kazi, kwa maana akishaonja kidogo hakumbuki tena mlichokubaliana.

Nilijenga banda la kuku na kutengeneza meza na viti kwa mianzi ya njano inayoota hapa kwetu. Miezi minane haijafika, unga mweupe unadondoka sakafuni kila asubuhi na meza imetoboka kama chekecheke. Nimepaka oili chafu lakini haikusaidia. Nilikosea wapi? — H.S., Muheza

Ulikosea siku ya kukata, ndugu yangu. Dawa ulizozipaka baadaye zilikuwa zimechelewa. Huo unga ni kazi ya bungua, mdudu mdogo mweusi wa urefu wa kama milimita 3, ambaye hafuati mwanzi wenyewe bali wanga uliomo ndani yake. Mwanzi wa njano unaoota kwenu na pwani nzima una wanga mwingi, kwa hiyo humvutia kuliko aina nyingine nyingi. Kinachotakiwa ni kukata shina likiwa na wanga kidogo, na uliobaki kuuondoa au kuutia sumu.

Kwanza, umri. Shina la mwanzi hufikia urefu wake wote katika miezi miwili hadi minne tu, na halinenepi tena maisha yake yote. Lakini huchukua angalau miaka mitatu kukomaa na kuwa gumu. Ndiyo sababu watu hudanganyika, wakaliona refu wakadhani liko tayari. Lililo changa utalijua kwa maganda yaliyobaki kwenye vifundo na kwa unga mweupe unaopanguka ukilipitishia kidole. Lililokomaa halina maganda, rangi yake imefifia, na limeanza kuota madoa ya ukoga. Ukiligonga kwa mgongo wa panga linalia kwa sauti kavu, wakati changa linatoa sauti ya kitu kilicholowa. Wenye vichaka vingi huweka alama ya rangi kwenye mashina ya kila mwaka, rangi moja kwa mwaka mmoja, na hawahitaji kubahatisha.

Pili, majira. Kata mwanzoni mwa kiangazi, machipukizi ya masika yakiwa yamekwisha kurefuka, kwa kuwa kichaka kimetumia akiba yake ya wanga kuyakuza. Kata juu kidogo tu ya kifundo cha kwanza au cha pili kutoka ardhini, usiache kikombe juu ya kifundo. Kikombe hicho hujaa maji ya mvua, kikaozesha kisiki na kulea mbu wa kukusumbua wewe na kuku wako. Ukishakata, liegemeze shina palepale kichakani, likiwa na majani yake na limesimama juu ya jiwe, kwa wiki moja au mbili; majani yataendelea kufyonza maji na kupunguza wanga.

Tatu, kinga. Wazee walilaza mianzi kwenye maji yanayotiririka kwa wiki kadhaa, wakaweka mawe juu yake, na walifanya vizuri, maana maji huyeyusha sehemu ya wanga na kuichukua. Wengine huining'iniza juu ya moshi wa jikoni. Njia ninayoipendelea kwa samani ni boraksi pamoja na asidi ya boriki: kilo 3 za boraksi na kilo 2 za asidi ya boriki katika lita 100 za maji. Toboa vizibo vya ndani vya vifundo vyote kwa nondo ndefu ili dawa ipite shina zima, kisha zamisha mianzi kwa wiki moja na uianike kivulini, kwani ikikaushwa juani kwa pupa hupasuka. Dawa hiyo huoshwa na mvua, kwa hiyo hufaa kwa vitu vilivyo chini ya paa, na mianzi uliyoitibu hivyo usiigeuze vikombe wala hori la kulishia kuku.

Oili chafu haikusaidia kwa sababu ngozi ya nje ya mwanzi ni ngumu na ina nta; kinachopakwa juu hubaki juu, na bungua yuko ndani anaendelea na mlo wake. Meza hiyo ichome moto kabla wadudu hawajahamia kwenye viti. Na utakapojenga banda jingine, usichimbie nguzo za mwanzi ardhini. Mwanzi usio na dawa uliogusa udongo hudumu mwaka mmoja hadi mitatu, kwa mchwa na kwa kuoza. Uketishe juu ya jiwe au zege na uupe paa lenye mapana ya kutosha.

Kuna watu wanapita huku wakiuza miche ya mwanzi mkubwa, wanasema unakua karibu mita moja kwa siku na ekari moja inaweza kukulipia karo ya watoto wote. Nina ekari mbili. Nizitoe? — Mkulima, Nakuru

Usizitoe zote, na usitoe pesa kabla ya kuuliza. Kila mkulima wa Kenya anakumbuka habari ya kware: waliopata pesa walikuwa wauzaji wa vifaranga na mayai ya kuanzia, na siku ambayo kila boma lilikuwa na kware hapakuwa na mnunuzi. Mwanzi ni mmea wa maana kuliko kware, lakini mdomo unaouuza ni ule ule.

Hiyo mita moja kwa siku ina chembe ya ukweli. Rekodi inayotajwa ni sentimita 91 kwa siku, nayo ni ya chipukizi la aina fulani katika kichaka kilichokomaa, kwenye hali nzuri, kwa siku chache. Mche wako wa kwanza utatoa vijiti vya unene wa kalamu. Mwaka wa pili vitanenepa kidogo, wa tatu zaidi, kwa sababu kila kizazi cha machipukizi hurithi akiba kubwa kuliko kilichotangulia, na mavuno ya kuuzika huanza mwaka wa nne hadi wa sita. Kwa nafasi ya mita 5 kwa 5, ekari moja huchukua mashina mama kama 160; aina kubwa huhitaji mita 7 kwa 7, yaani karibu 80 tu, kwa hiyo anayekuuzia miche 400 kwa ekari anajali mfuko wake kuliko shamba lako.

Muulize mche umetokana na nini. Mianzi ya aina nyingi huchanua mara moja tu baada ya miaka mingi, wakati mwingine makumi ya miaka, kisha kichaka kizima hufa. Mche uliotokana na kipande cha shina hubeba umri wa mama yake, na mama akichanua mwaka ujao, wako nao unaweza kumfuata kaburini ungali mdogo. Kisha muulize nani atanunua, na umtafute mnunuzi huyo mwenyewe. Vijiti vingi vya mishikaki na vya kuchokolea meno tunavyovitumia Afrika Mashariki vinatoka China, jambo ambalo ni aibu kidogo kwa watu wenye misitu ya mianzi. Lakini soko hilo linahitaji kiwanda kilicho karibu, kwa kuwa mwanzi ni mrija mtupu na lori lililojaa mianzi limebeba hewa zaidi ya mali.

Ningekuwa wewe, ningepanda vichaka 20 kwenye kona yenye mteremko usiolimika. Vitakupa fito za nyumbani, nguzo za nyanya, kinga ya upepo na majani ya mbuzi, na soko likija litakukuta una mbegu yako mwenyewe. Uvunaji nao ujifunze mapema. Kenya ilipiga marufuku ukataji wa mianzi katika misitu ya serikali mwaka 1986, na nia ilikuwa njema, lakini kichaka kisichokatwa kabisa hujaa mashina mazee yaliyokufa yakiwa yamesimama, nayo huyabana machipukizi. Nyasi hustawi ikipunguzwa: kila mwaka toa yaliyokomaa, acha machanga yote.

Mimi ni fundi ujenzi. Bei ya nondo imepanda sana. Nimesikia mwanzi una nguvu kama chuma. Naweza kuuweka kwenye zege badala ya nondo? — Fundi J., Mbagala

Hapana, fundi. Ni kweli kwamba nyuzi za mwanzi, zikivutwa, zinastahimili mzigo mkubwa kwa uzito wake, na sifa hiyo ndiyo iliyozaa maneno unayoyasikia. Lakini mwanzi hulegea mara kumi hivi zaidi ya chuma chini ya mzigo ule ule, kwa hiyo boriti itapinda na kupasuka kabla mwanzi haujaanza kufanya kazi. Tena hunyonya maji ya zege likiwa bichi ukavimba, kisha hukauka ukanywea, ukaacha mwanya kati yake na zege. Siku hiyo boriti yako haina nondo wala mwanzi. Mwanzi una ujenzi wake wenyewe, wa fremu nyepesi, kuta za fito na paa, kama Wanyakyusa wa Rungwe walivyojenga tangu zamani. Huko hauna mpinzani kwa bei.

Nimenunua shuka na soksi zilizoandikwa ni za mwanzi kwa asilimia mia, rafiki wa mazingira, nikauziwa kwa bei ya kuruka. Mwenye duka akaniongezea kwamba mwanzi hutoa oksijeni asilimia 35 zaidi kuliko miti mingine. Je, nilifanya vyema? — Bi S.A., Mombasa

Shuka zitakuwa laini, bibie, sina shaka. Lakini ulaini huo haukutoka moja kwa moja kwenye mwanzi. Nguo nyingi zinazoitwa za mwanzi ni za viskosi. Mwanzi husagwa, huyeyushwa kwa magadi makali ya kiwandani na kemikali ya kaboni disalfaidi, ambayo huwadhuru wafanyakazi isipodhibitiwa, kisha rojo hiyo huchujwa kuwa nyuzi. Kinachobaki ni selulosi ile ile ambayo ingepatikana kwa mti wowote. Mwaka 2022 mamlaka ya Marekani inayosimamia haki katika biashara ilizichukulia hatua kampuni mbili kubwa za rejareja kwa kuuza nguo za viskosi zikitangazwa kuwa za mwanzi na rafiki wa mazingira, zikalipishwa faini ya mamilioni ya dola.

Hiyo asilimia 35 hurudiwa kila mahali bila msingi, nami ningependa ife. Uzuri wa mwanzi katika suala la hewa uko kwenye hewa ukaa. Unapokua haraka huivuta kwa haraka, ukaifungia katika shina na katika mashina ya chini, na hauhitaji kupandwa upya baada ya kila mavuno, hivyo udongo haufunuliwi. Lakini shina likiachwa likaoza au likachomwa, hewa ukaa hiyo hurudi angani. Kiti cha mwanzi kilichotibiwa vizuri kikakaliwa miaka 20 kina faida hiyo, na tenga la nyanya linalochukua nafasi ya kreti ya plastiki lina faida yake. Kwa wavuvi wa huko kwenu, dema la fito za mwanzi likipotea baharini huoza baada ya muda, tofauti na mtego wa waya na nailoni, ambao huendelea kuua samaki bila mwenyewe. Shuka siziweki kwenye orodha hiyo.

Sisi Wagisu tunakula malewa. Mume wangu ni Mtanzania na ana mianzi mikubwa ya kijani nyumbani kwao. Naweza kupika machipukizi yake? — N., Mbale

Unaweza, kwa tahadhari. Malewa yenu ni machipukizi ya mwanzi wa Mlima Elgon ambayo hukaushwa kwa moshi, kisha huchemshwa na kupikwa na karanga, na nakiri kwamba ni chakula ambacho Watanzania wengi wenye mianzi hawajawahi kukifikiria. Machipukizi mabichi ya aina nyingi yana viini vinavyotoa sianidi, sumu ile ile ya muhogo mchungu, na hayafai kuliwa mabichi kamwe. Menya maganda yote, kata vipande vyembamba, chemsha bila mfuniko, mwaga maji, rudia kwa maji mapya mpaka uchungu uishe. Mwanzi wa kijani wa bondeni huwa mchungu kuliko wa mlimani, kwa hiyo usiwe na haraka. Na kumbuka nilichomwambia mama wa Njombe kuhusu nusu ya machipukizi.

Ndugu Mhariri, mimi ni mzee wa miaka 78. Niliwaambia wajukuu kwamba miaka ya sabini maji ya bomba yalifika kijijini kwetu kwa mabomba ya mianzi, wakanicheka. Tafadhali wathibitishie kwamba babu yao hajaanza kuchanganyikiwa. — Mzee wa Iringa

Shikamoo mzee wangu. Wajukuu wasome hapa: babu yenu anasema kweli. Katika miaka ya 1970 Wizara ya Maji ilianzisha mradi wa mabomba ya mianzi na ya mbao, makao yake yakiwa Iringa, wakati ambapo mabomba ya viwandani yalihitaji fedha za kigeni ambazo nchi haikuwa nazo. Mianzi ilikatwa misituni, vizibo vya ndani vya vifundo vikatobolewa kwa keekee ndefu, vipande vikaunganishwa kwa kola fupi za plastiki, na pale ambapo shinikizo la maji lilikuwa kubwa mwanzi ulizungushiwa waya usipasuke. Ukifukiwa ardhini huku umejaa maji muda wote, mwanzi ulidumu kuliko wengi walivyotarajia, kwa kuwa kitu kilicholowa moja kwa moja bila hewa huoza polepole.

Adui alikuwa mchwa. Ili kumzuia, mitaro ilitiwa dawa kali za wakati ule, ambazo leo zimepigwa marufuku katika nchi nyingi, na kuziweka kando ya bomba la maji ya kunywa lilikuwa jambo ambalo hata wahandisi wenyewe walilijadili kwa wasiwasi. Mabomba ya plastiki yalipoanza kupatikana kwa urahisi, ya mianzi hayakuendelezwa. Sidhani kama yanapaswa kurudi vijijini kwa maji ya kunywa, ila kwa kuyapeleka maji kwenye bustani mteremkoni, mwanzi uliotobolewa vifundo na kuwekwa juu ya panda za miti bado ni bomba zuri, na mtu anaweza kulitengeneza kwa siku moja.

Mzee, ikiwa pale kijijini kimesalia kipande cha bomba lile, hata kilichopasuka, mpe mmoja wa wajukuu waliokucheka akipige picha na kututumia. Tutaichapa.